Mkeka wa Kwanza wa Kache

Hapo zamani, zamani ambayo hata walioiishi hawaisimulii kwa namna moja, palikuwa na kijiji cha wasusi wa mikeka. Huko, msichana alipomaliza mkeka wake wa kwanza, ulikabidhiwa mtu mmoja tu: yule aliyemwezesha kukaa na kusuka. Aliyepewa mkeka aliondoka na msichana, akamlea na kumfunza hadi aolewe. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mama mzazi, nao watu wakala wali wakaenda zao. Mkeka wa kwanza haukatwi vipande. Atakayeukata ameikata mikono ya msichana.

Dama alikuwa na mtoto mmoja, Kache, wa miaka tisa, na Kache alikuwa hatulii. Atasuka mistari mitatu, amwone panzi, aondoke. Atumwe chumvi, arudi na kinyonga. Watu walicheka. Wakaacha kucheka siku alipoachia kamba.

Siku hiyo mjomba wake, Tsuma, alikuwa ananing'inia kwa kamba kisimani, akizoa tope. Kamba ilizungushwa mara tatu kwenye gogo, na Kache akapewa ncha aishike. Akapita ndege wa buluu. Kache akamfuata. Dama alisikia kishindo, kisha sauti ya kaka yake ikitoka chini ya ardhi, akapiga mayowe. Tsuma alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika.

Bi Mbeyu, mkuu wa wasusi, akasema, "Mavuno yakifika mtoto huyu hana mkeka, hakuna atakayempa tena kazi ya mikono hapa. Tutamwogopa."

Dama akaenda kwa mganga, Mzee Chivatsi, akapewa unga wa mizizi. "Nusu kijiko kwenye uji wa asubuhi. Utamtuliza. Ila utampunguzia hamu ya kula, kwa hiyo mwangalie."

Mama mkwe wake, Bi Nyamvula, aliposikia, alikuja mbio. "Dama! Utamzima mtoto kama kibatari? Mwache akimbie, alale mapema, umpe kazi kidogo kidogo. Damu yake ina haraka, basi."

"Mama, swala hukimbia kila siku. Nani amewahi kumwona swala akisuka mkeka?"

Walizozana hadi majirani wakaleta viti. Mwishowe wakagawana siku: asubuhi ya Dama na dawa yake, alasiri ya Bi Nyamvula na mbio zake. Kila mmoja akaapa mbele ya watu kwamba njia yake ndiyo njia.

Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kache akasuka shubiri, akasuka dhiraa, akaunganisha ukili kwa ukili, utepe kwa utepe. Mavuno yalipofika, mkeka ulikuwa umekwisha, una kosa moja pembeni.

Wakakusanyika uwanjani. Bi Nyamvula akasimama. "Nimempandisha kilima kila alasiri kwa miguu hii mibovu. Asuke kidogo, akimbie kidogo, asuke tena. Mkeka ni wangu."

Mzee Chivatsi akasimama. "Mbio alikuwa nazo tangu azaliwe. Kilichoongezeka ni nini? Dawa. Mkeka ni wangu, nami nitamfunza mizizi."

Zamu ya Dama ikafika. Alikuwa amejiandaa kusema, "Mimi ndiye niliyempa dawa." Lakini akamtazama Kache, akayaacha maneno hayo.

"Sikumpa," akasema.

"Hukumpa nini?"

"Dawa. Nilimpa mwezi mmoja. Nikamwona amekaa ukutani kama kifaranga aliyenyeshewa, uji umeganda, hacheki. Nikaumwaga unga jikoni kwenye majivu. Tangu hapo kabla ya jua tulikuwa tukikimbia hadi kijito cha mbali kuteka maji, mimi na yeye."

Uwanja ukapigwa na bumbuazi. Lakini Dama alishangaa zaidi, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekaa chini kwenye vumbi.

"Mwezi wa pili!" Bi Nyamvula akanong'ona. "Ndipo alipoacha kutulia kwangu. Mbio hazikutosha tena. Nikaona aibu kusema. Nikajifunika kanga usoni, nikaenda kwa Chivatsi. Nikawa nampa unga kwenye asali, kiasi cha kucha, akishakula."

Dama akamgeukia mganga. "Mzee! Ulimpa mama dawa, ukijua nami ninayo? Mtoto angekunywa mara mbili! Ungeniulia mwanangu!"

"Nilikuona ukirudi naye kutoka kijitoni, anacheka hadi anamwaga maji," akasema Mzee Chivatsi. "Nikajua umeacha. Ndiyo maana nikampa bibi yake kiasi kidogo."

"Ulijua, au ulidhani?"

Mzee akakiri, "Nilidhani."

Watu wakashika vichwa. Aliyeisifu dawa ndiye aliyekimbia. Aliyezisifu mbio ndiye aliyetia dawa. Na aliyejua siri ya mmoja hakumwambia mwingine.

Ndipo Kache akasema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini, mama?" Dama akauliza.

"Uji uliacha kuwa mchungu. Halafu asali ikawa chungu. Nilijua mnafichana."

"Mbona ukanyamaza?"

"Mngegombana. Na nilitaka kumaliza." Akaukumbatia mkeka. "Nimesuka mimi. Naomba uwe wangu."

Kicheko kikasikika nyuma. "Ati ujilee mwenyewe!"

Dama hakucheka. Alitaka kunyoosha mikono aupokee mkeka, kisha akaiacha mapajani. Bi Mbeyu akauchukua mkeka, akamtazama mama aliyemwaga dawa kisiri, bibi aliyeitia kisiri, mganga aliyepima kwa kudhani, na mtoto aliyejua yote akaendelea kusuka. Amesimama hivyo mpaka sasa.

Nanyi mnaosikiliza, mkeka ni mmoja na haukatwi. Je, nani alistahili kuondoka na Kache?