Oili ya Teksi ya Tusekile

Oili huchaguliwa na moto, si na asubuhi. Mliyasikia maneno haya jana kwa mwinjilisti akiwaasa wachumba, mkacheka, mkaniuliza kanisani kuna oili gani. Basi sogeeni. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Tukuyu, na yalizaliwa hivi.

Jirani yangu Tusekile alikuwa na teksi moja, ndiyo iliyowalisha wanawe. Mdogo wake, Anyosisye, dereva hodari, akaiomba akashindane kwenye uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa bondeni. Tusekile aliomba Mungu kwanza, kisha akakubali kwa sharti. "Injini irudi nzima. Ikifa, watoto wangu watakula usukani?"

Sasa, kwetu ni baridi. Mafundi wetu walikuwa na desturi: alfajiri huchovya kidole kwenye oili na kuisugua. Ikiteleza upesi, ni njema, maana gari litawaka bila kukohoa. Oili nzito waliiita uji, na aliyeinunua alichekwa. Tusekile alitumia nyepesi miaka yote, wala teksi haikumsumbua. Anyosisye naye akaweka hiyo hiyo.

Siku ya majaribio gari liliwaka kama kiberiti. Lakini alipozunguka na kuzunguka, mguu haunyanyuki kwenye kanyagio, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa kila kona. Akazima. Gari likarudi nyumbani kwa kuvutwa na kamba.

"Imepungua?" Tusekile aliuliza, uso umemshuka.

"Nimepima, dada. Imejaa."

"Imejaa, na taa inalalamika?"

"Ndipo ninaposhangaa."

Tusekile akainama, akaitazama injini. Halafu akasema, "Hivi, sisi tunaipima ikiwa baridi. Kwani huko uwanjani inakuwa baridi?"

Wakachukua oili yao nyepesi katika kopo, na ile ya uji katika kopo jingine, wakayatumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mimi ndiye niliyeshika kitambaa. Tukangoja, kila mtu shingo ndefu. Tusekile akachota kwa kijiko. Nyepesi ikamwagika kama chai ya rangi, kijiko kikabaki karibu kikavu. Nzito ikashuka taratibu, ikaacha utando mgongoni mwa kijiko.

"Mama yangu!" Anyosisye akapaza sauti. "Vyuma vya injini vilikuwa vinasuguana vikavu!"

"Na wewe ulikuwa unavikanyagia tu," dada yake akamjibu.

Siku ya mashindano gari lilikohoa, likanung'unika, likawaka kwa shida. Fundi mmoja akapiga kelele, "Anyosisye, umeweka uji? Ongeza sukari!" Watu wakaangua kicheko. Yeye akaiacha injini ipate joto polepole, ndipo akaingia uwanjani.

Hakushinda, alikuwa wa tatu. Lakini taa haikuwaka hata mara moja. Tusekile akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza injini ikiunguruma sawasawa, akasema, "Asante, Bwana." Yule fundi akasogea, safari hii hacheki.

"Mama, asubuhi gari lilikuwa linakohoa. Oili hii mliichaguaje?"

"Asubuhi nyepesi ndiyo nzuri, baba. Nilitaka ya saa ya kuungua."

Ndivyo watu walivyolibeba neno lile hadi kwenye posa na kwenye uchaguzi. Siku ya kwanza kila mchumba anateleza vizuri, wajukuu zangu. Nyinyi ulizeni atakuwaje nyumba ikiwa na mgonjwa na unga umekwisha. Oili huchaguliwa na moto, si na asubuhi.