Gauni Moja, Rangi Mbili

"Umenimaliza, jirani! Umenimaliza mchana kweupe!"

Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni kwa mpiga picha, gauni likining'inia mkononi. Bibi harusi aliyekuwa mbali alikuwa ametumiwa picha ya gauni hilo iliyopigwa hapo na kuja juu kama moto wa kifuu: yeye aliagiza rangi ya damu ya mzee, mbona ameshonewa la rangi ya tofali? Kazi angempa fundi mwingine.

"Kamera yangu haisemi uongo," mpiga picha alijitetea. "Labda kitambaa kimechuja."

"Kichuje kichwa chako!"

Madirisha ya mtaa yakafunguka moja baada ya jingine, maana umbeya hausubiri mwaliko.

"Hebu punguzeni kelele," alisema mke wa mpiga picha, ambaye naye alisafisha picha kwa programu yake mwenyewe. "Nipe faili ghafi, lile la kamera kabla hujalipika."

Alilifungua kwenye kompyuta yake. Kwenye programu ya mumewe gauni lilikuwa la rangi ya tofali. Kwake lilikoza kama zambarau iliyoiva. Mama Pindo akasahau ugomvi, akasogeza kigoda.

"Ni picha ileile?"

"Ileile, shoga. Faili ghafi bado halijawa picha. Ni hesabu ya mwanga tu. Kila programu huigeuza kuwa rangi kwa kanuni zake. Unga mmoja, wapishi wawili."

"Yangu inachangamsha," mume alidakia. "Wateja wanapenda kung'aa."

"Yangu inatuliza. Watu hawatoki kama wamebabuka."

"Basi tumeni hiyo ya shoga yangu!" Mama Pindo aliamua.

Lakini gauni lilipowekwa kando ya kioo cha kompyuta, penye mwanga wa dirisha, ilionekana wazi kuwa hata ya mke ilikoza kupita kiasi. Mama Pindo akazidi kuing'ang'ania. Mpiga picha akainama, akatazama vizuri.

"Kumbe! Kwenye giza hili mshono wa kiunoni uliopinda hauonekani!"

"Kumbe nawe umo, shoga, unaficha mshono?" mke akaangua kicheko. Mama Pindo akaziba uso kwa gauni, mabega yakimtikisika kwa kucheka.

Mke akasogeza rangi kidogo kidogo mpaka kioo na kitambaa vikafanana kama shilingi kwa ya pili. Picha ikatumwa. Wote wakaikodolea macho simu ya Mama Pindo hadi bibi harusi alipopiga.

"Hilo ndilo gauni langu! Nisamehe, mama, kazi simpi fundi mwingine. Ila kiunoni pamepinda."

"Napanyoosha leo hii, mwanangu."

"Ingia ndani tule, jirani," mpiga picha akasema, akipangusa jasho.

Mama Pindo hakujivunga. Aliketi, akalivuta sinia upande wake. Mpiga picha akalivuta upande wake. Mke naye akalishika ukingo. Ama kweli, kila mwamba ngozi huvutia kwake.