Bi Nungu na Vifaranga wa Kambale

Paukwa.

Pakawa.

Nyinyi mliokaa karibu na mlango mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale mvua iliwasusa wanyama. Ikasusa mwaka wa kwanza, ikasusa wa pili. Kinamasi kikawa matope, matope yakawa vumbi. Samaki wakafa. Wakabaki kambale wawili tu, jike na dume, wanahema kwenye kidimbwi kisichozidi sufuria ya pilau.

Wanyama wakakutana. Kule kilimani kulikuwa na matangi mawili ya simenti. Waliyaacha watu waliokuwa wakijenga barabara. Juu yake chemchemi inadondoka, do, do, do. Wakasema, tuwatie humo kambale wetu wazae, tulee vifaranga mpaka mvua irudi, kisha tuwapeleke kinamasini. Lakini nani akae nao? Fisimaji anakula samaki. Korongo anakula samaki. Chura hali samaki mkubwa, ila kifaranga wa kambale ni kama funza, na Chura na funza mnawajua.

"Mpeni Nungunungu," wakasema. "Yeye ni mla mihogo."

Bi Nungu akapewa matangi. Kambale wakazaa, vifaranga wakatoka wengi, weusi, wanatapatapa kama maharage yanayochemka. Wale wazazi wawili ukame ulikwisha kuwala, hawakumaliza mwezi. Kwa hiyo mnaelewa. Kilichokuwa kwenye tangi lile ndicho kilichobaki. Wakipotea wale, kinamasi hakina samaki tena, na wanaokula samaki wahame au wafe.

Kazi ilikuwa hivi. Kila siku Bi Nungu anawapa mchwa na pumba. Kila Ijumaa wanakuja jirani watatu kuchekecha. Fisimaji anaingia majini na chekeche lake la matete, cheke, cheke. Wadogo wanapenya, wakubwa wanabaki juu. Korongo anawachukua wakubwa mdomoni, mmoja mmoja, anawapeleka tangi la pili. Chura yuko ukingoni, anaita, "Mdogo. Mdogo. Mkubwa huyo, mtoe." Kazi ya asubuhi moja.

Bi Nungu hakuipenda Ijumaa. Alikaa pembeni, anatafuna muhogo, anamtazama Korongo. Mdomo umefungwa. Shingo inapanda, shingo inashuka. Huyu anabeba, au anameza? Alimtazama Fisimaji, sharubu zimelowa, anazilamba. Analamba nini? Alimtazama Chura, kila baada ya maneno mawili anameza mate. Mate gani hayo yasiyokwisha?

Ijumaa moja uvumilivu ukamwisha.

"Mama Korongo," akasema, "fumbua mdomo."

Korongo akatikisa kichwa, maana alikuwa amebeba.

"Ndiyo maana nakwambia fumbua."

Korongo akafumbua. Chubwi. Kifaranga akaangukia tangini, mzima, akazama zake.

"Na yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Wewe ndiye unayemjua."

"Bi Nungu," akasema Korongo, "nina makinda wawili kiotani, wanakula panzi mwezi wa tatu sasa. Ningekuwa mwizi wangekuwa na mbavu zile?"

"Mwizi mwenye akili hanenepeshi watoto wake."

Chura akacheka. Bi Nungu akamgeukia. "Na wewe unayecheka, toa ulimi." Chura akautoa, mrefu, hauna kitu. Bi Nungu akasema ulimi safi namna ile ni wa mtu aliyejiandaa.

Akawafukuza wote watatu.

Fisimaji akasimama na chekeche lake mkononi. "Sisi tutaondoka, mama. Nani atachekecha?"

"Chekeche lenu hilo ndilo linalowachagulia wanono."

"Kambale si perege. Mkubwa na mdogo hawakai..."

"Ondoka na sharubu zako."

Wakaondoka. Bi Nungu akafikiri. Mimi ni mmoja, matangi ni mawili. Nikitazama hili, wataiba lile. Basi akawachota wakubwa wote kwa kibuyu, chubwi, chubwi, akawarudisha tangi la wadogo, ili awalinde wote mahali pamoja. Akang'oa miiba yake mwenyewe, akaipanda kuzunguka tangi, ncha zimetazama nje. Juu akatandaza matawi ya mgunga. Akakaa. Akasema, sasa nimuone huyo mwanamume.

Asubuhi akafunua matawi. Vifaranga wamepungua.

Akakagua miiba. Haikung'oka hata mmoja. Akakagua vumbi. Nyayo ni zake tu. Akasema, Korongo huyo, amepita juu. Akaongeza matawi.

Asubuhi ya pili wamepungua. Akasema, Fisimaji huyo, amechimba chini. Akaugonga ukuta wa tangi, ko, ko, ko. Simenti tupu.

Asubuhi ya tatu wamepungua. Hapo akajishuku mwenyewe. Labda nala usingizini. Akaweka kiganja mdomoni, akapumua, haaa, akanusa. Muhogo. Akapumua tena kwa hila, kama vile anataka kujifumania. Muhogo.

Furaha yake ilikuwa moja. Mle tangini kulikuwa na kifaranga mmoja, sharubu moja imepinda, amemzidi kila mtu. Bi Nungu alimwita Bonge. Wenzake walijificha chini kwenye giza, Bonge alikuja juu kuchukua mchwa mkononi. Akichukua mmoja tu, ameshiba.

"Wewe Bonge," alimwambia, "ndiye peke yako ninayekuamini."

Bonge akafumba mdomo, akazama.

Siku zikaenda. Mchwa wakawa wanaelea hawaliwi, na Bi Nungu akasema, mwizi anawatia hofu watoto wangu, hawana hamu. Mpaka mawingu yakapanda. Upepo ukanuka udongo. Wanyama wakaja na vibuyu kuchukua vifaranga. Korongo naye akaja, na makinda wake wawili nyuma, shingo kama vijiti, anataka kujua kama atakaa au atahama.

Fisimaji akazibua tangi. Shwaaa. Maji yakashuka, yakashuka. Kila mtu akachungulia.

Samaki saba.

Sita wanono, wameng'aa, na mmoja mdogo mweusi. Saba tu.

"Niliwaambia naibiwa," akasema Bi Nungu. "Niliwaambia mapema. Huyu hapa, na huyu, na huyu." Akawanyooshea kidole wote watatu.

"Tulipitia wapi?" akauliza Fisimaji. "Miiba yako iko. Matawi yako yako."

"Mwizi haniambii njia yake."

Chura alikuwa amekwisha kupanda ukingoni, mahali pake pa siku zote. Alikuwa anatazama chini, wala hacheki.

"Bi Nungu," akasema, "samaki ana mikia mingapi?"

"Mmoja. Unanifanya mtoto?"

"Basi mtazame Bonge wako. Mmoja uko nyuma. Huu unaotoka mdomoni ni wa nani?"

Bi Nungu akainama. Bonge alikuwa amelala kwenye maji kidogo yaliyobaki, tumbo limeumuka, na mdomoni umening'inia mkia mdogo mweusi, unatikisika bado. Wakatazama wote. Bonge akavuta. Gudu. Mkia haupo.

Wakabaki sita.

"Ndiyo maana ya Ijumaa," akasema Fisimaji, polepole. "Mkubwa hutolewa, kabla hajajua kwamba mwenzake analika."

Mvua ikaanza. Fisimaji akawatia wale sita vibuyuni, kila mmoja na chake, akateremka nao kinamasini, Chura akamfuata. Kambale sita, kinamasi kizima. Korongo akawahesabu makinda wake kwa macho, akasema sita hawamtoshi, akaondoka nao kwenda nchi asiyoijua.

"Mama Korongo," Bi Nungu akaita. "Ngoja kwanza."

Korongo hakugeuka. Kinda mmoja tu ndiye aliyegeuka, akafumbua mdomo, akamwonyesha hauna kitu.

Tangu siku ile Nungunungu akisikia hatua nyuma yake husimamisha miiba na kumpa mgongo anayekuja, hata kama anamletea muhogo. Na anakula peke yake.

Nyinyi wadogo mmesikia, na nyinyi wakubwa msijifanye mmesinzia. Ukiwafukuza wanaokusaidia kwa shaka ambayo hukuichunguza, utakuwa umemfungia mlaji ndani, umlishe kwa mkono wako.

Hadithi yangu naitua hapo. Jioni njema, na anayeona nimemsema yeye, ndiye.