Nyayo Saba za Mkurugenzi Fisi

Paukwa!

Pakawa...

Aka! Ndiyo kuitikia gani huko? Mnaitikia kama watumishi walioitwa kikaoni Ijumaa alasiri. Tena, kwa kifua: Paukwa!

Pakawa!

Hayo sasa. Pakawa ofisi, ofisi ikapata mkubwa, mkubwa akapata tumbo. Na leo nikiwauliza "Nani?", nyinyi mnijibu "Fisi!" Msichoke kujibu, maana mwenyewe hakuchoka kula.

Hapo kale katika mwitu mmoja palikuwa na Idara ya Elimu ya Wanyama Wachanga. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kusoma nyayo, kunusa upepo na kukwepa mitego kabla ya mvua za vuli, kwa sababu mvua ya kwanza ikinyesha kila mtoto hutoka kwenda malishoni bila mama. Walimu walikuwa sita, wote wadogo wadogo: Kindi, Fuko, Kware, Chura, Kobe na Kicheche. Mkurugenzi wao alikuwa Fisi. Alikipataje kiti? Msiniulize mimi. Taya zile, nani angethubutu kumfanyia usaili?

Kila mwaka Baraza la Mwitu lilitenga fungu la kuwaendeleza watumishi. Barua ilikuja: "Mlete mwalimu mmoja ajifunze, akirudi awafundishe wenzake." Walimu wakanawa nyuso, wakakaa wima, kila mmoja akingoja kutajwa.

Yakaja mafunzo ya kupanda miti. Alikwenda nani?

Fisi!

Yakaja mafunzo ya kuatamia mayai. Mayai, jamani! Alikwenda nani?

Fisi!

Yakaja mafunzo ya kunyonyesha mapacha. Alikwenda nani?

Fisi! Dume zima, na manyoya kifuani!

Huko alifika wa kwanza. Akasaini, akala, akalala, akaamshwa kupewa cheti. Akarudi na mkoba mpya begani, akakitundika cheti ukutani kando ya vingine, mpaka ukuta wa ofisi haukuonekana tena. Walimu wakimuuliza amejifunza nini, anaimba:

*Mrejesho nitatoa,*
*leo nimechoka na njia,*
*mrejesho nitatoa,*
*kesho kutwa nawaambia.*

Na hiyo kesho kutwa haijawahi kupambazuka.

Sasa, mwaka mmoja wawindaji waliacha kuchimba mashimo, wakaleta waya. Mwalimu Kindi, aliyekuwa na darasa la mitego, hakuujua waya. Yeye alifundisha kama alivyofundishwa: "Ukiona majani makavu yamerundikwa njiani, zunguka." Lakini waya haurundiki majani. Waya unaning'inia kimya kwenye kichaka, unakungoja.

Aliyeujua waya alikuwa Mama Nungunungu, mkaazi wa kando ya mashamba ya watu. Akaitisha mafunzo. Alikwenda nani?

Fisi!

Akarudi na cheti cha Mtaalamu wa Mitego, na ule wimbo wake. Vuli hiyo hiyo mtoto wa Paa, yule aliyekaa mstari wa mbele, yule asiyekosa swali, alitoka kwenda malishoni akilirudia somo la mwalimu wake, macho chini akitafuta majani makavu. Kacha! Waya ukamnasa mguu. Alitoka, ndiyo, lakini kwato aliiacha mle mle.

Mama Paa alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu Kindi, hivi wewe ulimfundisha nini mwanangu?"

Kindi aliona haya hata mkia ukamlegea. Aliingia darasani, akayatazama yale majani makavu aliyokuwa akifundishia, akayapiga teke.

Mwaka uliofuata, zikibaki siku kumi vuli ianze, akapanda kilima kwenda ofisini.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Fupisha, nina semina."

"Watoto arobaini wanatoka mvua ikinyesha, Mkuu. Tupe mrejesho wa mitego. Hata nusu saa."

"Kwekwekwekwe!" Fisi akacheka, nyama ikionekana mpaka kooni. "Wewe Kindi wa juzi unataka mambo ya ngazi ya mkurugenzi? Mrejesho nitatoa, kesho kutwa."

"Basi tupeleke wenyewe tukajifunze."

"Nikuendeleze? Nikuendeleze ufike wapi, na urefu huo? Nikikusomesha leo, kesho utataka kiti changu. Nenda kafundishe ulichonacho."

"Nilichonacho kimeshakata mguu wa mtoto, Mkuu."

"Ana mingine mitatu," akasema Fisi, akaendelea kuchokonoa meno.

Hasira zilimpanda Kindi. Lakini na taya zile hubishani. Akasema, "Ndiyo, Mkuu," akashuka kilima mbio, chapu chapu chapu, mpaka kwa Mama Nungunungu.

"Yule?" Mama Nungunungu akabetua midomo. "Yule alilala somo la kwanza halijaanza. Cheti nilimpa ili aondoke na mikoromo yake."

"Mama, itisha mafunzo mengine, keshokutwa tu. Andika kwamba wanatakiwa watumishi wote saba. Sahani saba. Na chakula kitatolewa baada ya vitendo, kwa kufuata rejista ya mahudhurio."

"Na huyo mroho atawaleta wote?"

"Hatamleta hata mmoja," akasema Kindi. "Ndicho ninachokitaka."

Barua ikafika. Fisi akaisoma mara moja. Aliposoma "sahani saba", akaisoma tena, na udenda ukadondoka kwenye muhuri. Akawaita walimu.

"Kuna kisemina kidogo, cha kuchosha tu. Nitawawakilisha. Nyinyi bakini, kazi ya watoto haiwezi kusimama."

"Ndiyo, Mkuu," wakajibu wote sita. Alipogeuka tu, nyatu nyatu nyatu, wakamfuata nyuma.

Huko uwanjani palikuwa na bamba la udongo mbichi. Ndiyo rejista hiyo: unaandika jina, unakanyaga mbele yake. Na pembeni, chini ya majani ya mgomba, sahani saba zinafuka moshi. Nyama ya kukaanga, enyi! Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaandika Kindi, akakanyaga, pwata! Akaandika Fuko, pwata! Kware, pwata! Chura, pwata! Kobe, pwata! Kicheche, pwata! Na la mwisho jina lake mwenyewe, pwata! Kisha akaenda kukaa karibu na nyama.

Jamani, chekeni nami. Mkurugenzi wa idara inayofundisha kusoma nyayo! Mtoto wa siku tatu pale shuleni anajua kwamba unyayo una mwenyewe. Yeye hajui, kwa kuwa siku ya somo hilo naye alikuwa semina.

Mama Nungunungu akaja, akaliinamia bamba. "Majina saba," akasema, "na nyayo saba, zote za Fisi. Basi hapa kwangu mwenye unyayo ndiye mshiriki. Mkurugenzi, utafanya vitendo vya watu saba, ndipo ule sahani saba."

Fisi alitaka kukasirika. Lakini harufu ya nyama ikampitia puani, hasira zikamezwa pamoja na mate. "Mimi nina vyeti vya yote," akasema. "Anza!"

"Mshiriki wa kwanza, Kindi. Panda mti ule."

Kwaru, kwaru, kwaru! Kucha zinakwangua, gome linabanduka. Akafika kimo cha mbuzi, akaning'inia, halafu puu! Matako chini. Kichakani Kware alimziba Chura mdomo.

"Mshiriki wa pili, Fuko. Pita chini kwa chini."

Akachomeka kichwa shimoni, mabega yakakwama. Miguu ya nyuma inarusha vumbi, tifu tifu tifu! Alipojichomoa, masikio yamejaa udongo kama vyungu visivyochomwa.

"Wa tatu, Kware. Ruka kutoka mwambani."

Akaruka! Nawaambia akaruka kweli, tumbo mbele, mikono akipunga. Tifuu!

Niyaseme yote? Alirukaruka kama Chura mpaka kamasi zikamtoka. Alijikunja kama Kobe, akatafuta gamba la kuingizia kichwa, hakuliona. Alijitahidi kutoa uvundo kama Kicheche, na hilo, haki yake nimpe, aliliweza bila mafunzo.

"Umebaki wewe mwenyewe, Mkurugenzi. Waya ule pale kichakani. Utegue."

"Huo?" Fisi akasema, macho yote kwenye sahani. "Huo nina cheti chake tangu mwaka jana." Akauendea, akauingizia mguu wa nyuma autoe njiani.

Kacha!

"Aweee!" Akavuta. Waya ukakaza. Akavuta tena. Ukakaza tena. "Mama Nungunungu, ninasue!"

"Mimi ni mwezeshaji," akasema Mama Nungunungu, akijikung'uta miiba. "Barua yangu inasema nifundishe watumishi. Haisemi ninasue wakubwa."

Ndipo walimu wakatoka kichakani, wote sita, wakasimama mstari.

"Wanangu! Afadhali mmekuja!" akasema Fisi. Tangu lini wakawa wanawe? "Mwalimu Kindi, wewe una vidole vyembamba. Ninasue."

Kindi akamtazama mguu, akamkumbuka mtoto wa Paa, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima alicheka kwa sauti.

"Ningependa sana, Mkuu," akasema. "Ila sisi hatujapelekwa mafunzo."

"Fuko!"

"Hatujapelekwa, Mkuu."

"Kobe, mzee wangu!"

"Hatujapelekwa. Mwenye cheti ni wewe."

"Tuimbie basi ule wimbo wa mrejesho," akasema Chura. "Labda waya utalegea."

Fisi akalia machozi. Kindi akaliburuta bamba jipya la udongo mpaka miguuni pake. Liliandikwa: *Walimu wote sita waende mafunzoni, mwaka huu na kila mwaka, kila mmoja asaini kwa unyayo wake na ale sahani yake.*

"Kanyaga hapa, Mkuu."

"Kila mwaka?"

"Vuta mguu kwanza, kisha uniulize tena."

Pwata! Akakanyaga.

"Sasa mtaninasua?"

"Mafunzo ni ya siku tatu," akasema Mama Nungunungu. "Karibuni washiriki. Tuanze na chakula, leo vitendo vimeshafanyika." Wakala pale pale mbele yake, nyama ile inalia karafu karafu, na sahani ya saba wakaijaza majani mabichi, wakampelekea mtoto wa Paa.

Siku tatu walijifunza, na hawakuhangaika kutafuta zana ya kufundishia. Zana ilikuwa hapo, imenaswa, inapiga kelele. Fuko alijifunza kwenye mguu ule. Kware alijifunza kwenye mguu ule. Kobe, Mungu amsamehe, alikosea mara nne, na kila akikosea ni kacha, aweee! Siku ya tatu Kindi akausukuma waya badala ya kuuvuta, akaulegeza, akamtoa Fisi polepole. Ila mguu ulikuwa umeshalemaa. Ndiyo maana hadi leo Fisi akitembea anateremka nyuma.

Mvua ikanyesha. Watoto arobaini wakatoka, na mbele yao mtoto wa Paa akichechemea, akiwaonyesha wenzake kila kichaka chenye waya. Mwalimu Kindi alikaa juu ya mti siku nzima na roho mkononi. Jioni wakarudi. Akawahesabu. Akarudia kuhesabu. Arobaini, na kwato zao zote. Mama Paa alimletea kokwa za mlozi, akaziweka chini ya mti, akaenda zake. Kindi akalia.

Na Fisi je? Akaandika taarifa kwa Baraza la Mwitu: "Mkurugenzi amewaendeleza watumishi wake kwa kujitolea mguu." Baraza likafurahi mno. Likampa nini?

Cheti!

Mnaona? Mmeshaujua utaratibu wa serikali.

Basi wakubwa mliomo humu, funzo lenu ni hili: msimpeleke mtumishi mafunzoni hata siku moja. Asiyejua kitu hana maswali, hana makuu, wala hatamani kiti chenu. Nendeni nyinyi, sainini nyinyi, kuleni nyinyi. Na siku mkinaswa, iteni vyeti vishuke ukutani viwanasue.

Hadithi yangu nimeitundika hapo. Aliyeisikia akanyage rejista, ila kwa mguu wake mwenyewe.