Kilemba Kimoja, Mafundi Watatu

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye usingizi alale sasa hivi, maana mwisho wa maneno haya nitauliza, na sitaki kujibiwa na mtu anayekoroma.

Palikuwa na watu watatu huko Muheza, kila mmoja na chake. Bi Mwanakombo alikuwa na sauti. Akiimba harusini, hata bwana harusi husahau alifuata nini. Mzee Kupaza alikuwa na jicho. Alikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, na harusini yeye ndiye mpiga picha. Akikuonyesha uso wa mama yako kwenye kioo cha kamera yake, utadhani hujawahi kumwona. Na Babu Shekue, karani wa mahakama aliyestaafu, alikuwa na neno. Watu walimpelekea barazani malalamiko ya kutwa nzima, yeye akayatia kwenye mistari michache, na hakimu akaelewa.

Tena palikuwa na Mwantumu, ambaye hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, ila alivitaka vyote.

Hapo ndipo alipojitafutia balaa. Waimbaji walisema, huyu si mwenzetu, huyu ni wa kamera. Wa kamera wakasema, huyu ni wa makaratasi. Alipotoa kitabu chake kidogo cha hadithi, shangazi yake alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Na nyimbo zako zinatoka lini?" Mama yake ndiye aliyezidi. Kila chai ya asubuhi iliteremka na maneno yale yale: "Mwanangu, shika moja." Ikafika mahali Mwantumu akimsikia muuza machungwa anasema chukua moja uonje, anakunja uso.

Hakushika moja. Alikwenda kwa wote watatu.

Bi Mwanakombo alimfundisha wimbo wa kumtoa mwari nyumbani kwao, wimbo alioupata kwa mama yake, ambao hajamfundisha hata binti yake wa kumzaa. Binti akanuna, akaacha kuja nyumbani, na mpaka leo salamu zake zinapitia kwa majirani. Bi Mwanakombo alimeza uchungu ule, akaendelea kufundisha. "Usiimbe kwa koo," alimwambia Mwantumu. "Imba kama unamwita mtu chumba cha pili, na hutaki jirani ajue."

Mzee Kupaza alimwachia kamera, na kamera yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja. Akamwachia Mfungo Mosi, mwezi wa harusi, wakati kila nyumba inamtaka mpiga picha. Wateja waliokuja wakamkuta mikono mitupu walikwenda kwa wengine, wakazoea huko, hawakurudi. "Usimkimbize mtu na kamera," alimwambia. "Kaa. Akichoka kujipamba atakuja mwenyewe."

Babu Shekue, yeye, macho yalikuwa yanaondoka. Daktari alimkataza maandishi madogo. Hata hivyo akayasoma ya Mwantumu, karatasi imegusa pua.

"Hapa umeandika alikuwa na huzuni isiyo kifani. Huyo mwanamke ulimwona?"

"Nilimwona, babu."

"Alisema nina huzuni isiyo kifani?"

"Hapana. Alisema chumvi imekwisha."

"Basi andika chumvi imekwisha, tupumzike."

Macho yakaisha kweli. Tangu hapo Mwantumu alikwenda kumsomea kila siku baada ya Alasiri, na mzee akawa anaishi kwa hiyo saa moja.

Basi Mwantumu akatengeneza filamu. Ndani yake kuna mwanamke ambaye mumewe amekwenda kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi. Kuna mahali anayakunja mashati ya mume. Unaona mikono tu. Anaimba taratibu ule wimbo wa mwari, halafu mikono inasimama, anasema, "Chumvi imekwisha." Hakuna zaidi ya hapo.

Ilionyeshwa kwanza kwa Kupaza, kibandani. Ilipofika kwenye yale mashati, hata muuza kashata akasimama na sinia lake. Watu walitazama mpaka mwisho, na mwisho kabisa yakatokea maandishi: Kwa fundi wangu.

Hakuweka jina. Alidhani kila mmoja atayapokea moyoni mwake, aende zake akalale.

Alisahau yuko wapi. Pale kwao, ukimaliza kufundishwa kazi unamvika fundi wako kilemba mbele ya watu. Kilemba ni kimoja na fundi ni mmoja, na hujaitwa fundi wewe mpaka umemvika yeye. Kuandika fundi wangu mbele ya kibanda kizima ni kutangaza kwamba umeshamchagua. Wakasimama watatu.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, akijifunga kanga vizuri.

"Ahsante ya nini?" aliuliza Kupaza. "Umepiga picha gani humu?"

"Wewe Kupaza nyamaza. Mikono ile bila wimbo wangu ni ya dobi."

"Na wimbo wako bila mikono ni redio. Watu wana redio majumbani."

Babu Shekue alikuwa wa mwisho kusimama, maana ilibidi asomewe kwanza yale maandishi. Akaegemea fimbo. "Mimi sioni, lakini nasikia," alisema. "Wimbo ulipoimbwa, kuna mtu alikuwa anatafuna karanga. Alipoacha kutafuna ni kwenye chumvi."

Watu wakacheka. Mwantumu hakucheka.

Siku chache baadaye ilikuja simu kutoka Tanga, ya mtu mmoja anaitwa Mbelwa, msimamizi wa ukumbi wa maonyesho. Watu wao waliiona filamu kibandani, wameipenda. Ikionyeshwa kwao na watu wakaikubali, kuna chumba nyuma ya ukumbi, watampa kiwe chake: aimbe humo, akate na kuunga picha zake humo, aandike humo, na hakuna atakayemwambia shika moja.

"Ila lile neno la mwisho uliweke sawa, dada," Mbelwa alisema. "Fundi wako ni nani? Aje naye, umvike hapa, watu waone. Mambo ya nusu nusu huku hatuyataki."

Hakuna kitu duniani Mwantumu alichokitaka kama kile chumba. Alikuwa amekisubiri tangu kile kitabu chake, tangu swali la kwanza la shangazi. Mama yake kwa furaha akaenda akanunua kilemba, kitambaa cheupe chenye tarizi ya hudhurungi pembeni, akakiweka mezani. "Haya. Kimebaki kichwa."

Mwantumu akaenda kwa Bi Mwanakombo na wazo lake. "Mama, nitanunua vilemba vitatu."

"Vitatu? Hiyo si heshima, mwanangu, hiyo ni sare. Watatuuliza harusi ya nani." Akaendelea kuchambua mchele. "Mimi nimempoteza binti kwa ajili yako. Kama fundi ni mwingine, wimbo wangu utoe. Wanawake wa ngoma ninaoimba nao watakuja Tanga, na wakiusikia bila jina langu watasimama watoke."

Akaenda kwa Kupaza. "Mjomba, nikikikata vipande vitatu?"

"Utakuwa umetugawia vitambaa vya kufutia jasho." Kupaza alikuwa anafagia kibanda ambacho siku hizi hakijai. "Sina ugomvi na wewe. Lakini picha zile ni za kamera yangu na mwezi wangu. Ukimvika mwingine, usizionyeshe."

Akaenda kwa Babu Shekue. Huyu hakudai kitu chake.

"Maneno siwezi kukunyang'anya," alisema. "Yalikuwa ya yule mwanamke. Mvike unayemtaka." Akapapasa fimbo yake. "Ila ukimvika mwingine, usije tena kunisomea. Sitaki kusomewa na mwanafunzi wa mtu."

Mwantumu alirudi nyumbani anatembea kama anapigana na barabara. Miaka yote walimwambia ashike moja, akakataa, akafika. Sasa amefika, na mlangoni wamesimama watu wale wale waliomfikisha, wanamwambia kitu kile kile.

Akafungua kompyuta. Akasema, ngoja nimjue mwongo. Akautoa wimbo, akatazama: kweli, mikono ikawa ya dobi. Akaurudisha wimbo, akazifunika picha: kweli, ikawa redio, nzuri, ya kusikiliza huku unamenya viazi. Akarudisha picha, akaifuta chumvi: mwanamke akakunja shati, akaimba, akamaliza, na wewe mtazamaji ukabaki unangoja basi la kwenda nyumbani. Akarudisha vyote, na mwili ukamsisimka kama mara ya kwanza.

Hapo ndipo alipokasirika hasa. Angempata mmoja anayedanganya, angemwekea kinyongo na mambo yakaisha. Wote watatu walisema kweli.

Mama yake aliingia na chai. Akamtazama, akatazama kilemba mezani.

"Na wewe je?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Nani aliyekwenda kwa wote watatu? Mwanakombo hajui kamera inawashwa wapi. Kupaza akiimba mbuzi wanaondoka. Shekue hajaona hata hiyo mikono. Mimi nilikuwa nakwambia shika moja, hukunisikia. Basi jivike mwenyewe."

"Mama, mtu hajiviki kilemba."

"Najua. Nimesema tu kwa hasira."

"Hata wewe una hasira?"

"Hata mimi. Unadhani ni wewe peke yako umechoka humu ndani?"

Wakanywa chai. Asubuhi gari la Mbelwa lilisimama nje, limekuja kuchukua filamu na mtu wa kuvikwa. Bi Mwanakombo alikuwa ameshafika, amevaa kanga mpya. Kupaza amenyoa ndevu. Babu Shekue ameletwa kwa mkono, amekaa kwenye kiti cha baraza, fimbo magotini, uso ameuelekeza mlangoni kama anayeona. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Mwantumu alikuwa ndani, kilemba mapajani. Kwenye kioo cha kompyuta yale maneno yalikuwa yanamngoja, Kwa fundi wangu, na baada yake nafasi tupu. Nje dereva akapiga honi. Akaweka vidole kwenye vitufe.

Mimi namwacha hapo, vidole juu ya vitufe, maana walionisimulia nao walimwacha hapo hapo, wakabishana mpaka wali ukapoa. Kuna aliyempoteza binti, kuna aliyepoteza kazi yake, kuna aliyepoteza macho. Ukimvika mmoja, wawili wengine wanaondoka na vyao: wimbo unatoka, au picha zinatoka, au mzee mmoja anakaa gizani bila wa kumsomea. Usipomvika yeyote, chumba kinakwenda kwa mwingine.

Haya, wewe uliyeinua kichwa, na wewe unayejifanya umelala: dereva anapiga honi mara ya pili. Ungeandika jina la nani?