Dawa ya Meza ya Karata

Kila Ijumaa rafiki za Bwana Mbaruku waliimwagia kahawa meza yake ya karata, na mkewe Tausi ndiye aliyesugua kitambaa chake cha kijani.

"Wageni wanakuja. Isibaki na doa!" aliamrisha Mbaruku.

"Nitasugua kesho, Baba Rehani. Leo nimeinyunyizia dawa. Anayeiba karata akiigusa, viganja vinageuka vyeusi," Tausi alimjibu mumewe.

Mbaruku alikohoa, akamtuma sokoni akanunue tende.

Tausi aliporudi alimkuta mumewe amejifunga mifuko ya nailoni mikononi, anasugua meza kwa sabuni, jasho linamtiririka. Akaketi, akaonja tende moja.

"Pembe ile bado, mume wangu. Na mifuko vua tu, niliyonyunyiza yalikuwa maji ya mtungini."