Unyoya wa Kanga Hauulizi Jina

Paukwa!

— Pakawa!

Wakubwa naona wametulia kama wageni. Ngano si ya watoto peke yao. Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Simu zenu zilazeni kifudifudi, na yangu hii nailaza. Hiyo yangu ndiyo itakayonisuta leo, maana fedha yangu yote imo humo.

Hapo kale, kale ya kweli, wanyama walikuwa na soko lao chini ya Jabali Jeupe. Soko la Jumamosi. Nyegere akileta asali. Kiboko akileta majani mabichi ya mtoni. Mzee Kakakuona akileta mizizi ya dawa, maana kucha zake ni jembe, anachimba mpaka kule ambako mvua haijafika.

Na fedha yao ilikuwa unyoya. Unyoya wa Kanga, mweusi, wenye madoa meupe. Nasema kanga ndege, si kanga nguo. Nguo itakuja, tulieni.

Kila mwaka Kanga alipukutisha manyoya. Ukimletea punje, anakupa unyoya. Wewe unaupeleka kwa Nyegere, unapata asali. Nyegere anaupeleka kwa Kiboko. Unazunguka, unazunguka, mpaka unarudi kwa Kanga mwenyewe, naye anaucheka: "Eh! Umezeeka wewe!"

Jamani, soko lile lilikuwa tamu! Unyoya ukitoka kwa Nyegere unanuka asali. Ukitoka kwa Kiboko unanuka tope. Mama Digidigi, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa, alikuwa akiunusa na kumwambia mwanawe, "Tone, huu umetoka mtoni. Huu umetoka msituni." Tone alikuwa hajafika mtoni wala msituni, lakini alivijua kwa pua.

Na bei walikuwa wakipatana. "Punguza, mzee." "Sipunguzi." "Punguza kwa ajili ya mtoto." Mzee Kakakuona ananuna, anapunguza, halafu anaongeza kamzizi kadogo juu. "Na haka ka Tone." Hiyo ndiyo nyongeza. Siku hizi watoto mnaijua nyongeza? Hamuijui.

Basi siku moja akaja Mbweha. Kapiga mswaki, kachana mkia. Begani kwake amekaa Kasuku.

Mbweha akapanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu! Mvua ikinyesha, manyoya yanafanya nini?"

"Yanalowa!"

"Upepo ukivuma?"

"Yanapeperuka!"

"Na Nyani akipita?"

"Nyani kafanya nini?" akauliza Nyani.

"Akipita, yanapungua."

Wakacheka, kwa kwa kwa! Nyani naye akacheka, maana ni kweli.

Mbweha akasema, "Leteni manyoya yenu kwangu. Nitayaweka pangoni, pakavu, hapana upepo, hapana Nyani. Kasuku atashika kichwani nani ana mangapi. Ukitaka kununua, mwambie Kasuku tu. Hakuna kubeba, hakuna kulowa. Tazameni! Kasuku, toa unyoya wangu mmoja, mpe Nyegere."

Kasuku akakohoa. "Kwaa! Mbweha kutoa mmoja. Nyegere kuingia mmoja. Imethibitishwa!"

"Lo!" wakasema wanyama.

Nisiwe mwongo. Ilikuwa rahisi. Hata mimi ningepeleka. Foleni ilikwenda mbio, kila upande ni "Imethibitishwa! Imethibitishwa!" Kila akisema hivyo Kasuku anadonoa punje moja ya muuzaji na moja ya mnunuzi, dno, dno. Nani angegombania punje moja?

Ila nyongeza iliondoka. Kasuku hajui kununa, hajui kupunguza. Na wanyama wakaacha kushikana mikono.

Mbweha akaenda kwa Kanga kimyakimya, na gunia la mtama. "Bibi Kanga, umechoka kugawa. Kula mtama huu. Tupatane jambo moja dogo: kila unyoya wako utakaoanguka ni wangu."

Kanga akautazama mtama. Ulikuwa mwekundu, umejaa. Akasema, "Tumepatana."

Mbweha akarudi sokoni akatangaza: "Mwezi ukiandama, unyoya wa mkononi si kitu tena! Asiyeleta, shauri yake."

Wote wakaleta. Mama Digidigi alikuwa na manyoya sita. Alikuwa ameyatandika, Tone akilala juu yake. Alimnyanyua mtoto akiwa usingizini, akayatoa chini yake moja moja, akaenda nayo. Tone alipoamka alinusa majani matupu. Akalia.

Jumamosi ile Mama Digidigi akamwendea Mbweha. "Shikamoo, Bwana Mbweha. Samahani. Manyoya yangu sita, naweza kuyaona? Siyachukui. Niyaone tu."

Wanyama wakageuka. Wengine masikio yakasimama, maana nao walikuwa na swali lilelile, ila walilimeza.

Mbweha akatabasamu. "Bila shaka, mama. Jina lako nani vile?"

"Digidigi."

"Ahaa. Digidigi." Akainama, akamnong'oneza Kasuku. Kisha akasema, "Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata Tone alikuwa na homa. Kifua kinalia kama kibuyu chenye kokoto, karakara, karakara. Mama Digidigi akakimbia sokoni, ti ti ti ti, mpaka kwa Mzee Kakakuona.

"Mzee wangu, mtoto kifua kimebana."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Leo hanyonyi."

Mzee Kakakuona uso ukabadilika. "Mzizi ninao. Unyoya mmoja tu. Mpe kabla jua halijakaa kichwani. Ukichelewa, mzizi wangu hausaidii tena."

Mama Digidigi akageuka. "Kasuku, toa unyoya wangu mmoja, mpe Kakakuona."

Kasuku akainamisha kichwa huku. Akainamisha kule. "Kwaa! Jina hilo sijalisikia. Jaribu baadaye."

"Mimi Digidigi! Nina sita!"

"Jina hilo sijalisikia. Jaribu baadaye."

"Kasuku, mtoto wangu anaumwa!"

"Jaribu baadaye."

Foleni nyuma ikaanza kuguna. Nyani akasema, "Mama, sogea kando, wenye majina tupite!" Na foleni ikacheka.

Mtawalaumu? Mimi siwalaumu. Nimewahi kucheka katika foleni kama ile. Mola anisamehe.

Mama Digidigi akarudi kwa Mzee Kakakuona. "Nipe tu, mzee. Nitakuletea."

Mzee akatazama chini. "Mbweha amesema anayetoa bila Kasuku, jina lake linasahauliwa naye. Mimi nina wajukuu tisa. Niletee chochote nikishike mkononi, mwanangu. Chochote kinachoitwa malipo."

Basi akaenda, ti ti ti ti, mpaka kwa Kanga. Alimkuta amelalia mayai, gunia la mtama pembeni limebaki nusu.

"Bibi Kanga, nipe unyoya mmoja."

"Sina ruhusa, mjukuu wangu. Unaoanguka ni wa Mbweha."

"Kasuku amesahau jina langu. Tone hanyonyi."

Kanga akalitazama gunia. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Nilijua. Siku aliponiletea mtama nilijua kwamba kuna mtoto wa mtu atakayelia. Nikaula. Mtamu, nikaula tena. Kosa ni langu."

Enzi hizo Kanga alikuwa na manyoya kichwani na shingoni, mazuri kuliko yote, madoa kama nyota. Hayo hakuwahi kuyatoa sokoni. Ndiyo yaliyokuwa fahari yake.

"Ya mwilini yanafunika mayai," akasema. "Lakini ya kichwani yananifunika mimi tu." Akainua mguu. Akashika. Nyof!

"Bibi! Mbweha atasema nini?"

"Tulipatana yanayoanguka. Huu haukuanguka. Huu nimeung'oa. Kimbia!"

Ti ti ti ti! Jua linapanda. Ti ti ti ti! Jua limekaribia kichwani. Mama Digidigi akaufikisha unyoya mbele ya Mzee Kakakuona, bado una joto, na kishinani tone la damu.

Mzee akautazama. Akamtazama Kasuku. Kasuku akamtazama yeye.

Mzee akaunusa. "Unanuka Kanga," akasema. Akauingiza chini ya gamba lake la kifuani, akatoa mzizi. Kisha akatoa kamzizi kadogo. "Na haka ka Tone."

Jamani, nyongeza ile! Nyegere alipoiona alifuta machozi.

Mama Digidigi alifika, akautafuna mzizi, akamtia Tone kinywani. Akangoja. Karakara. Akangoja. Karakara. Kara. Kisha kimya. Akainamisha sikio, kumbe mtoto anapumua kimyakimya, kama watoto wote. Na akatafuta ziwa, anyonye. Alhamdulillahi.

Huku sokoni Mbweha kafika, povu mdomoni. "Kakakuona! Umeuza bila Kasuku! Nani kakulipa?"

Mzee akajikunja, buu, akawa mpira. Sauti ikatoka ndani: "Nimelipwa unyoya."

"Na nani?"

"Uulize wenyewe. Umo humu ndani."

Wanyama wakaanza kucheka. Mbweha akapiga kelele, "Kasuku! Msahau Kakakuona!"

"Jina hilo sijalisikia!"

Nyegere akasema, "Bwana Mbweha, hata mimi nataka kuyaona manyoya yangu."

"Msahau Nyegere!"

"Jina hilo sijalisikia!"

"Na mimi," akasema Kiboko. "Na mimi," akasema hata Nyani, tena yeye ndiye aliyeongea kwa sauti kubwa.

Mbweha akazunguka, mkia wote umevurugika. "Kasuku! Wasahau wote! Kila mtu! Wote!"

Kasuku akafumba macho. Akafumbua. "Imethibitishwa!"

"Vizuri," akasema Mbweha, akihema. "Sasa nina njaa. Toa unyoya wangu mmoja, niletee asali."

Kasuku akainamisha kichwa huku. Akainamisha kule. "Kwaa! Wewe nani? Jina hilo sijalisikia. Jaribu baadaye."

Kwa kwa kwa kwa! Kiboko alicheka mpaka akakaa chini.

Wakaenda pangoni wote pamoja. Mbweha alikuwa ameyafanya godoro manyoya yao, na chini kulikuwa na unyevu, na nondo walishayala. Mama Digidigi aliyatafuta yake sita. Alipata vumbi la madoa. Hakuna aliyecheka tena.

Wakaja kwa Kanga, vichwa chini. Kanga hakuwasimanga. Kila mmoja akampa mmoja. Nyof! Wa Nyegere. Nyof! Wa Kiboko. Nyof! Wa Nyani, na Nyani akasema, "Pole, bibi," jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mpaka kichwa kikawa kitupu, na shingo tupu, umebaki mmoja tu utosini.

Kumbe nyuma ya wote amesimama Mbweha. Siku mbili hajala. Hakuna anayemuuzia, kwa kuwa hana cha kushika mkononi.

"Mfukuze!" wakasema.

Kanga akamtazama. "Mtama wako niliula," akasema. "Na unyoya hauulizi jina." Nyof! Akampa wa mwisho.

Ndiyo maana mpaka leo Kanga ana kichwa kitupu na shingo tupu, na madoa yake yameanzia chini. Mkimwona msimcheke.

Soko lilirudi, lakini si kama lile la mwanzo. Manyoya yalikuwa machache. Kasuku naye hakufukuzwa. Wenye haraka walimfundisha majina upya, na mvua ikinyesha anafaa. Ila kila mnyama aliweka unyoya wake mmoja mahali anapopajua mwenyewe. Na Tone alilala juu ya wake, unanuka Kanga.

Funzo lake ni hili, nalisema wazi asije mtu akasema hakusikia. Chombo cha kurahisisha kitumie, si dhambi. Lakini usimpe mtu mmoja ufunguo wa chakula chako chote, kwa maana siku akikukasirikia, utakuwa na mali na mtoto wako atakosa dawa. Na mwenzako akisahauliwa kwenye foleni, usicheke. Kesho linaulizwa jina lako.

Sasa ile nguo. Mnajua kanga inaitwa kanga kwa ajili ya madoa ya ndege huyu. Na bibi yangu, Bi. Mwanatumu, alikuwa akifunga fedha yake kwenye pindo la kanga. Siku moja nilimwambia mbele ya wageni, "Bibi, benki yako inanuka vitunguu." Wageni walicheka. Yeye alilifungua fundo, akanipa sarafu ya sambusa. Sikumwomba radhi. Nilisema nitamwomba Idi.

Idi haikumkuta. Tulipokunja nguo zake, pindoni mwa kanga moja palikuwa na fundo. Ninalo mpaka leo. Bado linanuka vitunguu, na sijalifungua.

Na ngano yangu nami nimeifunga fundo hapo.